Kuingia papo hapo au kusubiri sekunde 10?

Kompyuta ya kaunta katika duka la Kisenyi, Kampala, huzimika kila umeme ukikatika, na kijana wa zamu hana sababu ya kujua nywila. Kwenye Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux), fungua faili /etc/gdm3/custom.conf, sehemu ya [daemon], uandike mojawapo ya njia hizi mbili.

AutomaticLoginEnable=true na AutomaticLogin=duka (duka ni jina la akaunti ya kaunta) humwingiza mara mashine inapowaka. Akitoka, hata kwa bahati mbaya, skrini ya nywila inamngoja. Ndipo simu za kuuliza nywila zinapoanza.

TimedLoginEnable=true, TimedLogin=duka na TimedLoginDelay=10 husubiri sekunde 10 kisha humwingiza, hata baada ya kutoka; msimamizi naye hupata nafasi ya kuchagua akaunti yake. Kwa kaunta, nachukua hii.

Kwa zote mbili, hifadhi ya nywila (keyring) hubaki imefungwa, hivyo Chrome huenda ikauliza nywila ya kuifungua. Laptopu ya kubeba kwenye bodaboda? Usiweke yoyote.