Every Summer After: msiba unapomrudisha mtu nyumbani

Ukipanda basi la usiku la Ijumaa kutoka Nairobi kuja Kisumu, hukosi abiria wanaokwenda kuzika. Huku kwetu kuna watu ambao hawangerudi kamwe kama si msiba. Ndiyo maana riwaya hii ya Carley Fortune wa Kanada, iliyotoka mwaka 2022, ilinishika mapema. Percy, mwanamke wa miaka 30 anayeishi Toronto, anapigiwa simu na Charlie kwamba Sue amefariki. Sue ni mama yao Charlie na Sam, na Sam ndiye aliyekuwa rafiki wa Percy, kisha mpenzi wake. Hawajaonana kwa miaka 12. Percy ameweza kumkwepa Sam muda wote huo, lakini msiba wa Sue hawezi kuukwepa.

Sura za sasa ni za siku chache tu za msiba. Sura za zamani zinapitia majira sita ya joto, tangu Percy akiwa na miaka 13 na wazazi wake wamenunua nyumba ya likizo kando ya ziwa, Barry's Bay. Hizo za zamani ndizo bora. Mapenzi yanakua polepole, na mwandishi hana haraka nayo. Mimi ni mtoto wa Dunga, hapa Kisumu, ambako ziwa ni la wavuvi na viboko na mzazi hakuachi uogelee ovyo. Hata hivyo Percy alipoamua kuvuka ziwa kwa kuogelea, Sam akiwa karibu yake ndani ya mashua, nilisoma nimebana pumzi. Hapo hakuna aliyetamka neno la mapenzi, na bado yako wazi kabisa.

Sue nimempenda kuliko wote. Mumewe alikufa mapema, akabaki kulea wavulana wawili huku akiendesha mkahawa, na Percy naye akapata kazi mle. Kwa sababu hiyo nililalamika moyoni nilipofika sura za msiba. Wanawe wamepoteza mzazi wa mwisho, lakini huzuni yao inasukumwa kando ili Sam na Percy wapate nafasi ya kutazamana. Najua Kanada si kwetu, hakuna mahema uani wala mashangazi wanaolala sebuleni, lakini hata kwa utaratibu wao nilitaka Sue aliliwe zaidi.

Lingine lililoniudhi ni siri. Anayesimulia ni Percy mwenyewe, na anajua tangu mwanzo alichokifanya hadi wakaachana, ila anatuficha hadi karibu na mwisho. Sitaisema hapa. Ilipofichuka iliniuma kweli, kwani ni kosa ambalo mtu hulitenda akiwa na upweke na hasira, halafu linamla miaka na miaka. Nilitamani tu tungeijua mapema, tumwone akiibeba mbele ya Sam siku zote hizo za msiba. Msamaha nao ulihitaji kurasa zaidi.

Kiingereza chake ni chepesi, hakikuchoshi. Mambo ya chumbani yameandikwa waziwazi, kwa hiyo si kitabu cha kumwachia mtoto wa shule. Nakipa nyota nne kati ya tano, na mbili katika hizo ni za Sue.