Mwaka wangu wa honazi katika utafiti wa operesheni

Nilipomwambia mjomba kwamba nimepata nafasi ya kusomea utafiti wa operesheni, alifurahi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nikimaliza nitaweza kumtazamia ngiri yake. Jirani yake, askari mstaafu, akamcheka: operesheni ni mambo ya jeshi bwana, huyu kijana anakwenda kusomea vita.

Askari ndiye aliyekaribia, ingawa utafiti wa operesheni ni kutumia hesabu kutafuta namna bora ya kuendesha kazi yoyote, iwe ya jeshi au ya kiwanda. Jina hili lilizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1930, rada ilipokuwa kitu kipya na jeshi la anga likahitaji wanasayansi wa kulisaidia kuitumia kazini, si kuitengeneza tu. Vita vilipopamba moto, kundi la mwanafizikia Patrick Blackett, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1948, lilichunguza misafara ya meli za mizigo iliyokuwa ikiwindwa na nyambizi. Mazoea yalisema misafara midogo ni salama zaidi. Hesabu zikasema kinyume: ukiongeza meli ndani ya msafara, mzingo wa kulinda hauongezeki kwa kasi ile ile, hivyo msafara mkubwa hupoteza sehemu ndogo zaidi ya meli zake. Nilisoma habari hiyo wiki moja kabla ya kujaza fomu, na kusema kweli ndiyo iliyoniuza.

Neno la pili linalochanganya watu ni honazi. Si shahada ya heshima, ile wanayovishwa marais wakialikwa kwenye mahafali. Afrika Kusini, nilikosomea, shahada ya kwanza ya sayansi kwa kawaida ni miaka 3, na honazi ni shahada ya peke yake ya mwaka mmoja juu yake. Iko ngazi ya 8 katika mfumo wao wa taifa wa sifa za elimu, ina krediti zisizopungua 120, na angalau 30 kati ya hizo ziwe za utafiti. Australia na New Zealand wana utaratibu unaofanana na huo. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, maana yake saa 1,200 kwa mwaka. Nilipopiga hesabu hiyo mwanzoni niliona ni nyingi. Kufikia mwezi wa sita nilikuwa nimekwisha kuzila. Chuo sitakitaja kwa sababu nina manung'uniko, na waliokuwa wakinifundisha hawapo hapa kujitetea.

Muhula wa kwanza ulikuwa wa madarasa, na ulitawaliwa na programu ya mstari. Programu hapa si ile ya kompyuta; ni mpango, kama jeshi la Marekani lilivyouita mpango wake wa mafunzo na ugavi. Unaandika unachotaka kupunguza au kuongeza, unaandika masharti yanayokubana, yote yakiwa milinganyo iliyonyooka isiyo na vipeo, kisha unatafuta jibu bora kabisa. Njia maarufu ya kulitafuta ni simpleksi, aliyoibuni mwanahisabati George Dantzig mwaka 1947. Mwalimu wetu alitufanyisha simpleksi kwa kalamu na karatasi wiki tano mfululizo. Jedwali baada ya jedwali. Ukikosea kutoa kwenye jedwali la pili, la sita linakuletea kiwanda kinachozalisha viti hasi. Hili ni nung'uniko langu la kwanza: wiki mbili zingetosha, tatu zilizobaki tungefundishwa kuitumia kompyuta, kitu ambacho hatimaye nilijifunza peke yangu usiku.

Ila siwezi kukana kwamba karatasi zile ziliniachia kitu kimoja cha thamani: bei kivuli. Jibu la programu ya mstari halikuambii tu utengeneze nini. Linakuambia pia kila sharti linakugharimu kiasi gani. Kama kikwazo chako ni saa za tanuri, bei kivuli ndiyo faida utakayoongeza ukipata saa moja zaidi. Ukiuziwa saa hiyo kwa chini ya bei kivuli, nunua, ikizidi, acha. Na kama tanuri huwa linabaki na muda wa ziada, bei kivuli yake ni sifuri, hata meneja apige kelele vipi kwamba anahitaji tanuri jipya. Tangu siku ile nikisikia mtu anasema "tatizo letu ni uchache wa magari", kichwani najiuliza bei kivuli ya gari ni ngapi.

Katika masomo hayo, lililonikaa zaidi ni tatizo la mlo. Mwaka 1945 mwanauchumi George Stigler alichapisha swali hili: kati ya vyakula 77, mchanganyiko upi unampa mtu mzima virutubisho 9 vinavyohitajika kwa gharama ndogo kabisa? Kwa kukisia kwa akili, kwa kuwa njia ya uhakika haikuwepo bado, alipata dola 39.93 kwa mwaka mzima, kwa bei za 1939. Mwaka 1947 makarani 9 wenye mashine za kukokotoa za mkono waliijaribu simpleksi kwenye swali hilo hilo. Ilichukua takriban siku-kazi 120. Jibu: dola 39.69. Senti 24 tu chini ya makisio ya Stigler! Darasani watu walicheka, mimi nikaona huruma kwa makarani.

Baadaye Dantzig mwenyewe alitaka kupunguza uzito, akaiandikia kompyuta tatizo la mlo wake. Ikamshauri anywe galoni 500 za siki. Hakuwa ameweka sharti lolote la kuizuia, na kwa namna alivyopima kushiba, siki ilionekana chakula kizuri mno. Akaiondoa siki, kompyuta ikamletea vidonge 200 vya supu, kwa kuwa hakuna sharti lililoweka kikomo cha chumvi. Mwishowe mke wake ndiye aliyempangia chakula. Mwalimu alikisimulia kisa hiki kama kichekesho cha Ijumaa na kuendelea na jedwali lake. Kwangu mimi hicho ndicho kilikuwa kozi yenyewe, na ningependa tungekaa nacho mwezi mzima.

Madarasa mengine nitayapita haraka. Uigaji, yaani kuiga kazi halisi ndani ya kompyuta, ulikuwa mzuri, akiba ya stoo ilikuwa fomula nyingi. Nadharia ya foleni ilikuwa tamu kupindukia, hasa kwa sababu inakupa haki ya kukasirika kwa hesabu. Chukua foleni rahisi ya mhudumu mmoja, watu wakija bila mpangilio na kila mmoja akihudumiwa kwa muda wake. Mhudumu akiwa na kazi asilimia 50 ya muda, kwa wastani kuna mtu 1 pale ndani. Akifika asilimia 80, watu 4. Asilimia 90, watu 9. Asilimia 95, watu 19. Yaani bosi anayejisifu kwamba mfanyakazi wake hapumziki hata kidogo ndiye anayeijenga foleni ya nje.

Sasa mradi, ambao ndio uliobeba mwaka wote.

Nilipewa kiwanda cha mkate chenye magari 5 na maduka 62 ya kupelekea kila alfajiri. Ombi lao lilikuwa mstari mmoja: tupunguzieni kilomita. Tatizo la njia ni maarufu kwa ukatili wake. Gari moja likiwa na vituo 10 vya kupita, kiwanda kikiwa kimojawapo, kuna mizunguko 181,440 tofauti. Vikiwa 20, idadi ni namba yenye tarakimu 17. Huwezi kuijaribu yote. Unatumia mbinu ya matawi na mipaka, waliyoichapisha Ailsa Land na Alison Doig mwaka 1960: unagawanya tatizo vipande vipande, kila kipande unakikadiria hakiwezi kufanya vizuri kuliko kiasi fulani, na kama makadirio hayo yameshashindwa na jibu ulilonalo mkononi, unakitupa bila kukifungua. Kampuni ya Gurobi, yenye programu ya kompyuta ya kutatua matatizo ya aina hii, hutoa leseni ya bure kwa wanafunzi, nami niliitumia pamoja na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Hiyo sehemu ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea.

Kilichonila ni takwimu. Mahali pa maduka palikuwa pameandikwa kwenye jedwali na watu tofauti kwa miaka mingi. Maduka mawili yalikuwa yamegeuziwa namba, latitudo ikakaa kwa longitudo, na programu yangu ikawa inampeleka dereva katikati ya bahari ya Atlantiki na mikate yake. Moja lilikuwa limefungwa siku nyingi. Mengine yalikuwa na majina mawili. Nilitumia wiki saba kusafisha jedwali na siku nne kuandika programu. Hakuna mtu aliyetuambia uwiano ungekuwa huo.

Basi nikapata jibu: kilomita zimepungua kwa asilimia 14. Nikampelekea msimamizi wangu, mtu hodari sana wa hesabu, ambaye hujibu barua pepe baada ya wiki tatu. Akaniandikia kwamba milinganyo imekaa sawa, niongeze uthibitisho mmoja, nianze kuandika ripoti. Ningemtii, ningemaliza mwezi wa nane.

Nilipanda gari la mikate kwa sababu nilitaka picha ya kuweka kwenye ripoti. Dereva alinitazama nikiwa na karatasi yangu ya njia mpya, akaisoma akiwa ameegemea usukani, akaniambia duka la tatu tutalifika wakati mwenyewe bado amelala. Tulilifika. Alikuwa amelala. Tulikaa dakika 40 mbele ya mlango uliofungwa, mikate ya maduka mengine ikipoa nyuma yetu. Duka la tano lilikuwa wazi lakini kreti zake zilikuwa chini ya kreti za duka la tisa, kwa kuwa njia yangu fupi haikuwa imeulizwa mkate unapakiwaje. Ikabidi tushushe za wengine kwanza barabarani, tupakie upya. Nilisaidia. Dereva hakusema neno, na hilo liliniuma kuliko angenitukana.

Siki ya Dantzig ilikuwa ndiyo hii. Kompyuta ilikuwa imenipa nilichoomba.

Nikarudi nikaanza upya. Kila duka nikaliwekea muda wa kufungua, kila kituo nikakiwekea dakika za kushusha, na nikabadilisha lengo: badala ya kilomita, saa ambayo gari la mwisho linarudi kiwandani. Punguzo la kilomita likashuka kutoka asilimia 14 hadi 6, na msimamizi akauliza kwa nini matokeo yangu yameharibika. Lakini gari la mwisho lilikuwa linarudi karibu saa nzima mapema kwenye majaribio. Kiwanda kilichukua njia za magari mawili kati ya matano. Matatu yakabaki kama zamani kwa sababu mpangaji wao ana uzoefu wa miaka mingi na hakuona haja. Simlaumu sana. Anajua mambo ambayo sikuyaingiza kwenye milinganyo, kama vile mwenye duka gani akichelewa kupelekewa hununua kwa mshindani.

Ile sura ya ripoti niliyotaka kuiondoa kwa aibu, ya dakika 40 mlangoni, ndiyo mtahini wa nje aliyoisifu.

Je, ningeichukua tena? Ningeichukua, ila si kwa namna ile. Nikianza leo, kabla ya kulipa ada ningeuliza mradi unatoka wapi na nani atanifungulia milango ya kule, maana robo ya krediti zangu zilikuwa pale na karibu elimu yote nayo ilikuwa pale. Ningejifunza Python mwaka mmoja kabla. Anayependa hesabu safi na kuchukia kuzungumza na watu atateseka. Aende hisabati yenyewe, atafurahi zaidi. Mwenye msingi mdogo wa matriki na nadharia ya uwezekano naye atateseka, kwa namna nyingine, kuanzia wiki ya pili. Kuhusu kazi, matangazo machache sana yanataja utafiti wa operesheni kwa jina. Tafuta kwenye ugavi, mashirika ya ndege, migodi, benki, na uchambuzi wa data. Kazi zipo, zimevaa majina mengine.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa zile wiki tatu za jedwali. Msimamizi wangu nimemsamehe, hasa kwa kuwa barua yake ya kunipendekeza ilifika ndani ya siku mbili.