Jozani kwa wanafunzi wa skuli ya msingi: anzeni na mikoko

Kwa mwalimu wa skuli ya msingi hapa Unguja anayetafuta mahali pa kuwapeleka watoto wakawasome viumbe hai pale pale wanapoishi, Jozani ndilo chaguo langu la kwanza. Nalisema hili baada ya kuwapeleka wanafunzi wa darasa la tano mara mbili, safari ya kwanza ikiwa imetupa nusu tu ya tulichokifuata, na ya pili ikitupa zaidi ya tulichotarajia. Msitu ni ule ule na waongozaji ni wale wale. Kilichobadilika ni saa tuliyofika na mahali tulipoanzia, na kwa sababu hiyo nimeona ni wajibu wangu kuyaandika haya kwa walimu wenzangu.

Msitu huu uko kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, kwenye barabara ya kusini, baada ya kupita Tunguu. Mwaka 2004 ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa pamoja na eneo la Ghuba ya Chwaka, na hifadhi yote ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50. Kiingilio cha wenyeji ni kidogo sana kikilinganishwa na cha wageni, na hata hivyo ni vyema mwalimu aende mapema na barua ya skuli kuzungumza na uongozi wa hifadhi, ili wapangwe waongozaji wa kutosha. Watoto arobaini wakiwa nyuma ya mwongozaji mmoja, wale wa nyuma hawasikii chochote na huishia kucheza.

Safari yetu ya kwanza iliharibiwa na gari. Tulikubaliana na mwenye basi la kukodi kwamba angefika skuli saa moja na nusu asubuhi, naye akafika saa tatu na nusu bila ya kuomba radhi, wakati watoto wamekwisha kuchoka kwa kusimama juani na baadhi yao wamekwisha kula chakula chao cha mchana. Kwa kuwa tulichelewa, tuliingia msituni kwanza, tukatoka saa saba, tukasali adhuhuri, tukala, na tulipofika Pete, kwenye daraja la mbao linalopita juu ya mikoko, ilikuwa saa tisa. Siku ile ilikuwa ya bamvua. Kila mtu aliyekulia pwani ya Unguja anajua kwamba siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi jioni. Mimi nalijua hilo tangu utoto wangu, lakini sikulitia katika ratiba. Tulikuta maji yamekwisha kuingia baina ya mizizi, kaa wamejifungia mashimoni, na watoto wakatazama maji ya rangi ya chai kwa dakika kumi kisha wakauliza tunarudi lini.

Mara ya pili tulichagua tena siku ya bamvua, tukakodi gari kwa mtu mwingine, tukawa juu ya daraja kabla ya saa nne. Hapo ndipo nilipoona kwamba walimu wengi tunakosea tunapoifanya safari ya Jozani kuwa safari ya kwenda kutazama kima, na mikoko tukaiacha mwisho kama kitu cha ziada.

Daraja ni jembamba, na kwa hiyo inafaa watoto waende kwa makundi ya kumi au kumi na wawili, kila kundi na mtu mzima wake. Tope lilikuwa wazi pande zote mbili. Mwongozaji wetu alikuwa na tabia ambayo natamani kila mwalimu awe nayo, ya kuuliza kabla ya kueleza. Aliokota chini mbegu ya mkoko, ndefu na ya kijani mithili ya kalamu kubwa, akaipitisha mkononi mwa kila mtoto na kuwauliza kwa nini mti huu hauangushi mbegu kavu kama muembe au mfenesi. Walikisia mengi. Kisha akawaonyesha juu ya mti mbegu zilizokwisha kuota zikiwa bado zimening'inia kwenye matawi, akaeleza kwamba mtoto wa mkoko hulelewa na mama yake mpaka awe na nguvu ya kusimama matopeni au kuelea majini hadi apate pa kujishikiza, kwa kuwa mbegu changa ingesombwa na maji au kuuawa na chumvi.

Baada ya hapo aliwapeleka kwenye mchu, aina nyingine ya mkoko. Aliwaambia walitazame jani upande wa juu, wakaona vumbi jeupe, akamruhusu kila mmoja aguse kwa kidole na kuonja. Ile sauti ya watoto kumi wakisema kwa pamoja "Chumvi!" siisahau. Hakuna ubao wala kitabu kitakachowafahamisha vizuri zaidi kwamba mti huu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani yake. Chini ya mchu ule ule waliona mizizi iliyochomoza juu ya tope kama vijiti vilivyochomekwa kwa mkono, wakaelezwa kwamba ndiyo pumzi ya mti, kwani ndani ya tope hewa ni haba mno. Wakaona pia wale kaa wadogo ambao dume huwa na gando moja kubwa kuliko mwili wake ulivyostahili, na samaki wadogo wanaotambaa juu ya tope kwa mapezi. Mtoto mmoja ambaye darasani hafungui mdomo alibaki amechuchumaa akihesabu kaa wenye gando kubwa la kulia na wenye gando kubwa la kushoto, na aliporudi skuli aliandika hesabu yake ukurasa mzima.

Msituni nako kuna mengi, na ubora wake sina haja ya kuurefusha kwa sababu unajulikana. Kima punju, mwenye mgongo mwekundu, mabega meusi na nywele nyeupe zilizozunguka uso, asili yake ni Unguja peke yake, na wataalamu waliowahesabu walikadiria kwamba wapo zaidi ya 5,800 tu duniani. Watoto walivutiwa sana na habari ya mkono wake usio na dole gumba linalofaa kushikia. Wengi walikunja madole gumba yao na kujaribu kushika penseli kwa vidole vinne, na hapo somo la viungo vya mwili likawa limefundishika lenyewe. Walishangazwa pia na kuambiwa kwamba kima hawa hula makaa kwenye mashamba ya jirani, kwa sababu majani ya miti kama mkungu yana sumu na makaa huizuia tumboni isiwadhuru. Ni lazima watoto waonywe mapema, tena skuli kabla ya kupanda gari, kwamba hawagusi, hawalishi na hawapigi kelele, na mwenye mafua abaki nyuma kidogo, kwani maradhi yetu huweza kuwaambukiza wanyama hawa.

Jambo moja la barabarani nalo lisipitwe. Kima huvuka barabara kuu inayopita ubavuni mwa msitu, na kabla ya kuwekwa matuta waligongwa kwa wingi zaidi na magari. Tuliwasimamisha watoto mbali na lami, wakatazama namna madereva wanavyopunguza mwendo. Wengi wao wamepita hapo mara nyingi wakielekea Paje au Makunduchi kwenye harusi na maziko, na hawakuwahi kujua matuta yale ni ya nani.

Wapo watakaoniuliza kuhusu kisiwa cha Chumbe, ambacho nacho hupokea wanafunzi na kuwafundisha habari za matumbawe. Ni mahali pazuri mno, lakini panahitaji boti, bahari tulivu na kundi dogo, na kwa darasa kubwa la skuli ya serikali Jozani inafikika kwa wepesi zaidi.

Kwa atakayeamua kwenda, darasa la nne hadi la sita ndilo linalofaidika zaidi, kwani wadogo zaidi huchoka kabla ya nusu ya njia. Miezi ya masika iepukwe, maana ardhi ya Jozani hushika maji na njia hugeuka madimbwi yenye mbu. Wasichana wavae suruali chini ya sare na soksi ndefu, wote wavae viatu vya kufunga badala ya kandambili, na kila mmoja achukue maji yake. Tarehe ichaguliwe kwa mwezi wa kiislamu, mwezi mosi au kumi na tano au siku mbili za baada yake, na mwenye gari alipwe sehemu ya mwisho ya fedha zake baada ya kuwarudisha watoto skuli. Sisi tumekwisha kuandika barua ya safari ya tatu, na safari hii wanafunzi wenyewe ndio waliotafuta tarehe, kwa kuwauliza bibi zao wanaolima mwani siku ambazo maji yatatoka mapema.