TAHADHARI: Majivu meupe si ushahidi kwamba siga ni ya Cuba

Ndugu zangu mnaonunua siga, zile sigara nene zinazosokotwa kwa majani ya tumbaku bila karatasi, kuweni macho na wauzaji wanaotumia majivu kama cheti cha uhalisi. Wanarusha video fupi WhatsApp au Instagram: siga inafuka, majivu meupe yamesimama bila kudondoka, chini wameandika kwamba hiyo ndiyo dalili ya Cohiba, chapa maarufu ya siga za Cuba, iliyo orijino. Wengine wanawasha moja mbele yako, hotelini au ufukweni, kisha wanakukabidhi boksi lililofungwa ambalo hujui ndani mna nini. Iliyowashwa na zilizomo kwenye boksi si lazima ziwe mzigo mmoja.

Majivu yanaeleza mambo ya kweli kuhusu tumbaku. Ila hayaelezi ililimwa nchi gani wala nani aliisokota. Yanaweza kumshtaki muuzaji, hayawezi kumtetea.

Tuanze na rangi, maana hapo ndipo wengi wanapigwa. Jani likiungua vizuri, kaboni inaisha na madini yanabaki. Tumbaku iliyopata kalsiamu na magnesiamu ya kutosha kwenye udongo huacha majivu meupe. Ikipungukiwa magnesiamu, majivu hukolea. Potasiamu ndiyo inayolisaidia jani kushika moto na kuendelea kufuka, na kloridi inalizuia. Wakulima wa Tabora na Urambo wanalijua hilo, ndiyo sababu mbolea yenye kloridi nyingi haifai kwenye shamba la tumbaku. Kwa hiyo rangi inakupa habari za udongo na mbolea. Inakupa pia habari za unyevu, kwa sababu siga yenye maji mengi haiungui ikaisha, kaboni inabaki na majivu yanakuwa meusi hata kama tumbaku yenyewe ni nzuri.

Sasa angalia ubaya wa kipimo chao. Siga halisi za Cuba kwa kawaida hutoa majivu ya kijivu, mara hafifu, mara yaliyokolea. Weupe wa kung'aa unaonekana zaidi kwenye siga zilizovikwa jani la nje la Connecticut, Marekani, lile linalokuzwa chini ya kivuli cha vitambaa. Zenye jani la nje la Kameruni huacha majivu yenye vipele vidogo vyeupe, kwa kuwa jani lenyewe lina vipele. Anayejisifu kwa majivu meupe kama chokaa anajisifu kwa kitu ambacho siyo alama ya Cuba kabisa. Isitoshe, weupe unatengenezeka: karatasi ya sigara za kawaida hutiwa kalsiamu kaboneti, na ni mojawapo ya sababu majivu yake ni meupe.

Umbile la majivu lina manufaa kuliko rangi. Siga ina sehemu tatu: jani la nje linaloonekana, jani la kufungia lililo chini yake, na tumbaku ya ndani. Kwenye siga nzuri ya mkono, tumbaku ya ndani ni majani marefu yanayolala kutoka upande wa kuwasha hadi upande wa mdomoni. Majani hayo yakiungua yanashikamana, majivu yanasimama sentimita 2 hadi 3 kabla ya kukatika, tena yanakatika kipande kizima. Tumbaku ya ndani ikiwa vipande vilivyokatwakatwa, majivu yanapukutika mapema na kukuangukia nguoni.

Hapa kuna mitego miwili. Kwanza, majani marefu yanasokotwa pia Nicaragua, Honduras na Jamhuri ya Dominika, na huko kuna siga bora sana. Majivu imara yanathibitisha majani marefu, basi. Pili, majivu yanayopukutika si lazima yawe ya feki: José L. Piedra ni siga halali ya Cuba, inasokotwa kwa mkono, na tumbaku yake ya ndani ni vipande. Lakini mtu akikuuzia Esplendidos, aina mojawapo ya siga za Cohiba, na majivu yake yanapukutika kama unga tangu mwanzo, huku siga haijakauka, umeshapata jibu. Siga hiyo hutengenezwa kwa majani marefu.

Ukitaka kuyasoma majivu kwa haki, usiyakung'ute. Yaache yafike sentimita 2, kisha yaegemeze kwenye ukingo wa kisahani na uzungushe siga polepole mpaka yakatike. Tazama kaa lililobaki. Siga iliyosokotwa vizuri inaacha kaa lenye umbo la pia, limechongoka katikati na kuungua sawa pande zote. Ukikuta shimo katikati, tumbaku ya ndani ni chache au haikupangwa sawasawa. Upande mmoja ukiungua mbio na mwingine ukabaki nyuma, huenda unyevu haukuenea sawa, au iliwashwa vibaya. Hilo peke yake si kosa la kumtuhumu mtu. Halafu ponda majivu yale kidoleni baada ya kupoa. Vijiti vigumu na chembe nyeusi nyingi maana yake ndani mna vishina na mabaki ya kufagia.

Kabla hujahukumu, fikiria siga ilihifadhiwa wapi. Inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Hewa ya Dar, Mombasa na Unguja mara nyingi ina unyevu zaidi ya huo, kwa hiyo siga iliyokaa wazi dukani inanyonya maji, inazimika kila mara na kutoa majivu meusi, na muuzaji anakwambia “ndiyo ukali wake”. Iliyokaa kwenye chumba cha kiyoyozi inakauka, inaungua kwa moto mkali na majivu yanakuwa mepesi ya kupeperuka. Iweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na pakiti ya kudhibiti unyevu ya asilimia 65 au 69, wiki mbili, ndipo uijaribu. Ukiona vitundu vya mviringo kama vilivyotobolewa kwa pini nene, hao ni wadudu wa tumbaku. Joto likizidi nyuzi 24 mayai yao huanza kuanguliwa, na siga moja itaambukiza boksi zima.

Uhalisi wa Cuba unatafutwa kwenye kasha na kwenye siga kabla ya kuwasha. Cohiba yenye kasha la mfuniko wa kioo ni feki, sina maneno mengi hapo: halisi haitoki hivyo. Geuza kasha chini. Maneno “Habanos s.a.” (kampuni inayouza siga za Cuba duniani), “HECHO EN CUBA” (imetengenezwa Cuba) na “Totalmente a mano” (kwa mkono kabisa) yanakuwa yamechomwa kwenye mbao kwa chuma cha moto, pitisha ukucha, utahisi mbonyeo. Yakiwa yamechapwa kwa wino tu, liache. Kando yake kuna muhuri wa wino wenye herufi za siri za kiwanda, na mwezi na mwaka wa kufungashwa. Mwezi unaandikwa kwa Kihispania: ENE, ABR, AGO, DIC. Watengenezaji feki hupitiwa hapa wakaandika JAN, APR, AUG au DEC. Ukikuta hivyo, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Stika ya dhamana ya serikali ya Cuba ni ya kijani na nyeupe. Za miaka ya karibuni zina hologramu na bakodi, na namba yake inahakikiwa kwenye tovuti ya Habanos S.A. Namba kukubaliwa hakutoshi, kwa kuwa matapeli wanaweza kunakili namba ya boksi moja halisi na kuibandika kwenye mengi. Kama muuzaji ana maboksi matatu, linganisha namba. Zikifanana, huo ni utapeli wa wazi.

Fungua na utazame mstari wa juu. Siga halisi zinapangwa kwa rangi, zinakaribiana sana, iliyokolea zaidi upande mmoja na nyepesi zaidi upande mwingine, na mikanda, vile vikaratasi vya chapa vinavyozungushiwa siga, yote imeelekea upande mmoja kwa usawa uleule. Kofia ya mdomoni ina mistari mitatu ya majani yaliyobandikwa juu kwa juu. Nenda na rula: Esplendidos ni milimita 178 kwa urefu na kama 18.65 kwa unene, Montecristo No. 2, siga ya chapa nyingine ya Cuba, ni milimita 156 kwa urefu, yenye ncha. Tofauti ya milimita 5 haielezeki.

Ukiwa na shaka, nunua moja, ipasue kwa wembe kwa urefu. Majani yanapaswa kufuatana kama kurasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikuta vipande, vishina, au kitu laini kama karatasi ya kahawia isiyo na mishipa, hiyo ni vumbi la tumbaku lililochanganywa na gundi na kusukumwa kuwa karatasi.

Na bei. Mwaka 2022 Habanos ilipandisha bei ya Cohiba na kuisawazisha duniani kwa kiwango cha Hong Kong. Boksi la siga 25 linalouzwa kwa bei ya mlo wa watu wawili halina maelezo ya halali, hata muuzaji akikwambia binamu yake anafanya kazi kiwandani na hupewa mgawo. Hadithi hiyo watalii wa Havana wamelishwa miaka mingi.

Kama umeshauziwa, usizimalize kwa hasira. Hifadhi kasha, stika, angalau siga mbili nzima, ile video, na ujumbe wa muamala. Tanzania peleka malalamiko Tume ya Ushindani, Kenya peleka Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, na polisi kama ulilipa kwa simu na mtu akapotea.