Gozi kavu kwenye kidonda cha moto: nyota moja, tena ya huruma

Majuzi, kwenye zahanati moja hapa Tabora, nimeshuhudia gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, ikibanduliwa kavukavu kwenye mkono wa mtoto aliyemwagikiwa uji. Damu ikachuruzika. Aliyekuwa akimfunga akasema, "Mwanaume halii." Mtoto wa miaka minne!

Majimaji ya kidonda yakikauka hugandia kwenye nyuzi za gozi, na ngozi changa huota humohumo. Ukivuta, unang'oa kazi ya siku tano. Halafu watu wanashangaa mbona kidonda cha kufunga ndani ya wiki mbili kimefika mwezi. Kwani ni kazi gani kulowanisha? Mtoto apewe paracetamol nusu saa kabla. Mimina maji ya chumvi ya hospitali. Kama hayapo, nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa na kijiko kidogo cha chumvi, kisawazishwe kisijae. Subiri dakika 15. Bado imeshika? Mimina tena. Ikilegea, ikunje kuirudisha nyuma, iende sambamba na ngozi. Usiinyanyue juu.

Gozi ya vaselini ndiyo ingewekwa tangu mwanzo. Haigandi, na kama bandeji ya juu haijalowa inakaa siku 2 hadi 3. Vidole vifungwe kimoja kimoja, la sivyo vitaungana.

Krimu nyeupe ya silva sulfadiazini, ile ya asilimia 1, kila mtu anaisifu. Mimi nyota mbili. Inataka kubadilishwa kila siku, inaacha utando ambao watu hudhani ni usaha wakausugua, na kwenye kidonda kisichoenda ndani inachelewesha kupona. Mwenye mzio wa dawa za salfa asiiguse, wala kichanga wa chini ya miezi 2.

Asali nyota tano! Hapana, nne. Najua sisi wa Tabora tukisikia asali ya miombo hatuambiliki, na kwa kidonda kidogo cha juujuu kweli inafanya kazi. Lakini ya hospitali hupigwa mionzi kuua vijidudu; ya kando ya barabara huenda ina sukari nusu. Ukiichemsha ndiyo umeiharibu kabisa, maana kimeng'enya kinachopambana na vijidudu hufa kwa moto. Ipake kwenye gozi kwanza, kisha gozi uiweke kwenye kidonda. Itawasha kidogo. Kidonda cheupe kisichouma, au cha uso, kiganja au kwenye kiungo, asali iacheni mezani, nendeni hospitali.

Na nikifikiri vizuri, gozi kavu naionea. Ikiwekwa juu ya ile ya vaselini inanyonya maji vizuri tu, hakuna cha kuishinda kwa bei yake. Basi gozi nyota tatu. Sifuri naiweka kwenye ule mkono uliovuta. Chupa ya maji ya chumvi ilikuwa mezani, imefunguliwa, karibu na kiwiko chake.