Raspberry Pi 5, Pi 4 au Pico: ya kununua ukiwa Kisumu

Raspberry Pi 5, kompyuta nzima kwenye ubao mmoja mdogo, ilipotangazwa tarehe 28 Septemba 2023, kikundi chetu cha wapenda vifaa kiligawanyika siku hiyo hiyo. Huwa tunakutana Jumamosi chumbani kwa mwenzetu, Kondele. Waliofurahi walisifu kasi: prosesa ya viini vinne vya Cortex-A76, GHz 2.4, inayoipita Pi 4 mara mbili au zaidi. Walionuna walilalamikia tundu la hedifoni lililoondolewa na adapta mpya ya ampea 5. Nimezitumia zote mbili tangu hapo, na kwangu mambo mawili ambayo karibu hakuna aliyeyataja ndiyo yenye uzito kuliko yote hapa kwetu: kitufe cha kuzimia, na saa.

Pi 4 haina saa yake yenyewe. Huuliza wakati kwenye intaneti. Nilikuwa nayo kwenye banda la vifaranga ikirekodi joto kila dakika. Usiku mmoja stima ikakatika, ikarudi, lakini mtandao ukachelewa hadi asubuhi, na vipimo vyote vya usiku ule vikaandikwa kwa saa isiyo yake. Sikuweza kujua baridi iliingia lini. Pi 5 huendelea kuhesabu saa hata stima isipokuwepo, mradi umeichomekea betri yake ndogo, ambayo huuzwa kando. Na kile kitufe kinamwezesha yeyote nyumbani kuizima taratibu badala ya kung'oa waya ukutani. Kadi nyingi za memori, zile zinazobeba programu na data za ubao, zimekufa kwa kung'olewa huko.

Kwa hiyo namba moja ni Pi 5 yenye memori ya kazi (RAM) ya GB 4, ila ununue seti nzima. Ilipotoka ubao ulikuwa dola 60. Ongeza adapta rasmi ya wati 27 kwa dola 12, feni yake dola 5 na betri ya saa dola 5: dola 82 kwa bei za wakati huo, kabla ya kadi, usafiri na VAT ya asilimia 16. Feni usiiache. Ubao huu ukifika nyuzi 85 hujipunguzia kasi, na mchana wa Kisumu, chini ya mabati, haukawii kufika huko.

Kwenye adapta ndipo wengi wanapoibiwa pesa zao. Muuzaji mmoja aliniambia, "Boss, hii ni ya laptop, wati 65, itabeba tu." Haikubeba. Chaja za laptopu za aina hiyo kwa kawaida hutoa ampea 3 tu zikishuka kwenye volti 5, na Pi 5 inataka 5 kwenye volti hizo hizo. Itawaka, ndiyo, lakini itakuonya kwamba umeme hautoshi, kisha itavibania vifaa vyote vya USB kwa jumla ya miliampea 600. Diski ya nje itakatika katikati ya kunakili. Pawabenki nyingi zina kasoro hiyo hiyo.

Kama unataka diski ya SSD kwenye tundu jipya la PCIe, la kuunganishia vifaa vya kasi, pima urefu kwanza. Ubao rasmi wa M.2, wa kushikia diski hiyo, hupokea za 2230 na 2242 (urefu wa milimita 30 na 42). Zile ndefu za 2280, ambazo ndizo utakazozikuta kwenye laptopu nyingi, zinahitaji ubao wa kampuni nyingine.

Pi 4 naiweka ya pili, na sioni aibu kumshauri mtu aichukue. Inaridhika na ampea 3, ina tundu la hedifoni (mwenzetu anayeshughulikia sauti kanisani hataki kabisa kusikia habari za Pi 5), na miongozo yake imejaa kila mahali. Ukiona alama ya radi ya manjano kwenye skrini, umeme hautoshi: badilisha waya kwanza kabla ya kuulaumu ubao. Kumbuka pia kwamba hii na Pi 5 zina tundu la skrini la HDMI ndogo kabisa, ile ya micro. Duka likikupa mini, rudisha, hiyo ni ya Pi Zero, ndugu yao mdogo.

Sasa, kama kazi yako ni kupima tu, sahau yote niliyosema. Rafiki anayefuga samaki Ahero alikuwa ameshaweka akiba ya Pi 5 ili asome vipimo vya bwawa. Tukamzuia. Pini za Pi 5, zile ncha za kuunganishia vipimio, hazisomi volti inayopanda na kushuka. Hujua kuna au hakuna, basi. Pico W, kibao kidogo cha kupimia na kuendeshea vifaa kilichotoka 2022 kwa dola 6, ina pini tatu zinazosoma hivyo, haina kadi ya kuharibika, na stima ikirudi inaanza kazi papo hapo. Kwa kazi ya aina hiyo ndiyo namba moja bila mshindani.

Zero 2 W naiweka baada ya hizo tatu: dola 15 ilipotoka, lakini memori ya MB 512 haitoshi kufungulia kurasa za intaneti. Inafaa kamera. Orange Pi 5, ya kampuni nyingine, ina nguvu za kutosha, ila programu zake zinamtaka mtu mvumilivu, na ukikwama Kisumu wa kumuuliza ni wachache. Na anayetaka tu mtoto aandike kazi ya shule, anunue kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika. Haina pini, lakini hatazihitaji.

Kuhusu kupatikana: kati ya 2021 na 2023 mbao hizi ziliadimika duniani kote. Sasa zipo, lakini memori imekuwa ghali na bei zimepandishwa tangu mwisho wa 2025, kwa hiyo ulizia bei ya siku hiyo, si ya mwezi jana. Kwetu nyingi hutoka Nairobi kwa basi la usiku. Kabla ya kutuma pesa, mwombe muuzaji awashe ubao akupigie video, na kwenye video hiyo akuonyeshe maandishi ya adapta: yasome mwenyewe, 5V, 5A. Kadi ikifika, ijaribu kwa programu ya F3 kabla ya kuiwekea chochote, maana kadi bandia huandikwa GB 128 na ndani isifike hata robo.