Mfalme wa amani auawe na adui au na wa kwake?

Barazani Jaws Corner, Mji Mkongwe, kahawa na kashata mkononi, tumebishana: kwenye hadithi za kubuni, mfalme anayetaka kumaliza vita auawe na nani?

Akiuawa na adui, kisa ni chepesi. Siku ya mkataba mshale unatoka msituni, askari wanalia, vita vinarudi. Msomaji ameshaujua ukurasa ujao.

Akiuawa na wa kwake, hapo pana mambo. Mlinzi aliyefiwa na ndugu watatu vitani anajisikiaje akimwona bwana wake anamkumbatia aliyewaua? Simwiti mwovu, namwelewa, na ndiyo maana kifo hicho kinauma. Sisi watu wa pwani jeraha hili tunalijua: Fumo Liongo, shujaa asiyeingia silaha, alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. (Liongo hakuwa mtu wa sulhu, lakini kikulacho kilikuwa nguoni.) Hata alipokwisha kufa alibaki amepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wakiogopa kuteka maji.

Mimi nachagua mlinzi. Ila asiwe msaliti wa kununuliwa kwa dhahabu, maana huyo hana tofauti na mshale wa msituni.